"Wakati unaofaa" ni saa ngapi? Kisa cha dereva wa lori, fundi cherehani na watoto wao wawili

Amri ya mahakama ilikuwa na sentensi mbili kuhusu watoto. Ya kwanza ilisema wote wawili wabaki kwa mama. Ya pili ilisema baba aruhusiwe kuwaona kwa wakati unaofaa. Mama aliikunja karatasi akaitia kwenye bahasha ya vyeti vya kuzaliwa, baba akaipiga picha kwa simu, wakaagana vizuri tu nje ya Mahakama ya Mwanzo. Ilikuwa mwaka 2022, Dar es Salaam. Hakuna aliyemwuliza hakimu wakati unaofaa ni saa ngapi, siku gani, na unamfaa nani.

Miaka miwili baadaye sentensi ile ya pili ilikuwa imewafikisha polisi, ikawafikisha ustawi, ikawakalisha mbele ya wazee wa koo mbili. Mtoto mdogo, wa miaka mitano, alikuwa amejifunza kunyamaza kila simu ya mama yake inapoita.

Mimi ni msaidizi wa kisheria, wa aina iliyotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Si wakili na sivai joho. Kazi yangu ni kueleza sheria kwa lugha ya nyumbani na kuwasindikiza watu kwenye ofisi wanazoziogopa. Kisa hiki nimekisuka kutokana na familia zaidi ya moja ili asitambulike mtu, na majina sitaji. Mtoto wa kike nitamwita Binti, wa kiume nitamwita Mdogo.

Ndoa yenyewe ilikuwa ya bomani; kanisani walisema watakwenda baadaye, na baadaye haikufika. Ilikwisha kwa utaratibu wa kawaida wa Tanzania Bara: Baraza la Usuluhishi wa Ndoa lilijaribu, likashindwa, likatoa hati ya kushindwa, mahakama ikatoa talaka. Hapo sina la kuchambua. Mali ilikuwa ndogo na hawakuigombea.

Baba ni dereva wa masafa. Anapakia bandarini Dar es Salaam, anapita Morogoro, Iringa, Mbeya, anavuka Tunduma kuingia Zambia, na safari nyingine zinamfikisha Lubumbashi, Kongo. Ukimwuliza atarudi lini, anacheka. Kuna foleni ya Tunduma, kuna foleni ya Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, kuna kusubiri kushusha na kusubiri mzigo wa kurudi nao. Safari aliyoaga kuwa ya wiki mbili huweza kula mwezi. Mama ni fundi cherehani, Tabata, mwenye vyerehani viwili na msichana mmoja wa kumsaidia. Kwake Jumamosi ndiyo siku ya fedha: sare za harusi, vitenge vya kikundi cha vikoba, wateja wanaotaka nguo leo leo.

Ziweke kazi hizo mbili mezani pamoja. Mmoja hawezi kuahidi siku hata akitaka. Mwingine anayo siku moja ya wiki ambayo angeshukuru kupumzishwa watoto. Hilo lilikuwa mbele ya macho yao muda wote na hawakuliona, kwa sababu kila mmoja alikuwa akiisoma kazi ya mwenzake kama tabia. Mama alisema, "Huyu hana ahadi." Baba alisema, "Huyu kila nikipiga ana kazi."

Mwaka wa kwanza mambo yalikwenda. Baba alipanga Kimara. Lori likilala Dar, hupita Tabata jioni na mkungu wa ndizi za Tukuyu au kiroba cha mchele wa Kyela, anakaa kwenye benchi nje ya kibanda cha mama, anauliza habari za shule, anambeba Mdogo mabegani, anaondoka. Mwaka 2023 akahamia Morogoro mjini, karibu na mama yake mzazi, akaoa. Kuanzia hapo kuwaona watoto kukawa na maana nyingine: kulala, kusafiri karibu kilomita 200, na kula kwenye jiko la mwanamke mwingine. Sentensi ya mahakama ilitosha kwa benchi la Tabata. Kwa Morogoro haikutosha.

Alhamisi ya Machi

Machi 2024 alishusha mzigo Dar asubuhi, akawa na siku tatu mkononi. Alimpigia mtalaka wake mara mbili. Simu ilikuwa kwenye chaji na cherehani inalia, haikusikika. Saa tano akawa getini shuleni. Darasa la awali hutoka mapema. Mwalimu alimfahamu, alikwisha kumwona kwenye kikao cha wazazi, na Mdogo alimrukia shingoni. Nani angemzuia?

Saa sita na nusu msichana wa kazi alifika kumchukua mtoto akaambiwa baba yake kampitia. Ujumbe wa baba ulikuwa umeingia kwenye simu ya mama ("Mdogo niko naye tunaenda kwa bibi") lakini mama aliufungua saa tisa, akiwa tayari ameshazunguka shule, kituo cha daladala na nyumba za majirani. Alipopiga, simu ya baba ilikuwa imezima chaji njiani. Usiku ule alikesha polisi, kwenye benchi la Dawati la Jinsia na Watoto. Mdogo alirudishwa Jumapili usiku, ana viatu vipya na mafua.

Je, baba alivunja sheria? Kifungu cha 40 cha Sheria ya Mtoto ya 2009 kinakataza mtu kumwondoa mtoto isivyo halali kwa yule anayekaa naye kihalali. Mama alikuwa na karatasi ya kukaa naye. Baba alitoa simu akaonyesha picha: "Mimi nimeandikiwa niwaone." Na kweli kaandikiwa. Kwa maoni yangu kosa lake halikuwa pale getini, maana baba kumpitia mwanawe shuleni si ajabu. Lilikuwa katika zile saa mbili na nusu ambazo mama hakujua mwanawe yuko wapi, na aliyemwandalia nafasi ya kukosea hivyo ni mwandishi wa ile amri. Amri ya kumwona mtoto isiyo na siku inampa kila mzazi ruhusa ya kuwa na haki peke yake.

Askari wa dawati, dada mmoja mtulivu, hakukimbilia kufungua jalada. Aliwaandikia barua waende kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa kata. Barua ilikaa miezi saba bila kufunguliwa.

Miezi saba hiyo mama hakutoa watoto na baba hakutoa fedha. Mahakama ilikuwa imemwamuru alipe Sh150,000 kwa mwezi. Hadi Machi alikuwa akituma kwa M-Pesa, akichelewa lakini akituma. Aprili akatuma ujumbe badala ya fedha: "Nikiwaona nitatuma." Mama akajibu: "Ukituma utawaona." Nimeona majibizano ya namna hii mara nyingi kiasi kwamba naweza kuyakisia kabla sijaonyeshwa simu. Wote wawili waliamini wanatumia haki yao. Sheria ya Mtoto imeyaweka mambo haya katika vifungu mbalimbali: kuonana kwake, matunzo kwake. Asiyelipa ana njia yake ya kubanwa, na anayezuia watoto ana yake. Hakuna kifungu kinachosema moja ni bei ya lingine. Ada ya Binti, hata hivyo, haikungoja vifungu. Mama aliuza cherehani kimoja.

Saba

Oktoba walipokaa mbele ya Afisa Ustawi, nami nikiwa upande wa mama, baba alisema jambo lililonifanya niweke kalamu chini. "Mdogo simgombei. Namngoja afike saba, nimchukue."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayengoja kitambulisho cha taifa. Mama naye hakubisha. Aliinamisha kichwa, na nikaelewa kwamba hata yeye amekuwa akihesabu miaka, kwa hofu.

Imani hii imeenea sana, kwa hiyo naomba nikae hapa kidogo. Kifungu cha 125 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinasema ipo dhana kwamba ni heri kwa mtoto aliye chini ya miaka saba kukaa na mama yake. Dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Na papo hapo kifungu kinamwonya hakimu aangalie madhara ya kumvuruga mtoto kwa kumbadilisha mlezi. Basi. Hakuna mahali panaposema siku mtoto anapotimiza saba baba apewe. Kinachoondoka siku ile ni mkono mmoja wa mizani uliokuwa ukimwegemea mama. Mizani yenyewe inabaki, na kilichomo ndani yake ni maslahi ya mtoto, ambayo kifungu kinayatanguliza mbele ya yote. Mtoto aliyekaa miaka saba Tabata, mwenye shule Tabata na dada yake Tabata, ana uzito mkubwa upande huo hata bila dhana.

Saba hii nyingine watu wanaichota uswahilini, kwenye mazungumzo ya fiqhi ya Kishafii, ambako mtoto akifika umri wa kupambanua, takriban miaka saba, huulizwa anataka kukaa na nani. Angalia neno: huulizwa. Lakini mtaani swali limedondoka njiani ikabaki namba. Dereva wetu ni Mkatoliki wa Mgeta, milimani Uluguru, na namba ile ameipata kwa utingo wake.

Nilipomsomea kifungu alikaa kimya, kisha akasema, "Basi tugawane. Yeye Binti, mimi Mdogo." Hili nalo si upuuzi kisheria. Sheria ya Ndoa inasema mahakama hailazimiki kuwaweka watoto wote kwa mzazi mmoja. Lakini Sheria ya Mtoto, iliyokuja miaka 38 baadaye, inamtaka hakimu azingatie kuwa ni vyema ndugu wakae pamoja, pia kwamba malezi ya mtoto yasikatizwekatizwe. Afisa Ustawi alimwuliza swali moja tu: "Wewe ukiwa Lubumbashi, Mdogo atalala na nani?" Hoja ya kugawana ikaishia hapo.

Mtoto wa nani

Kikao cha pili kilikuwa cha wazee. Baba alikuja na mjomba wake kutoka Mgeta, mama akaja na baba yake mdogo kutoka Rombo. Nilitegemea vita. Kifungu kile kile cha 125 kinamtaka hakimu aangalie pia desturi za jamii ya wahusika, na nilijua kila upande utakuja na desturi yake.

Mjomba akaanza. Mzee mfupi, kofia mapajani, sauti ya chini. Akasema kwao Uluguru ukoo hufuata mama. Yeye mwenyewe amelea watoto wa dada yake, akiwemo huyu dereva, na hajawahi kusikia Mluguru akidai watoto kutoka kwa mama yao kwa jina la ukoo. "Kwetu mtoto ni wa mama."

Baba mdogo wa Rombo akakohoa. Akasema kwao Uchagani mtoto ni wa baba, jina ni la baba, kihamba, yaani shamba la ukoo, ni cha baba. Mama analea, lakini mwenye mtoto anajulikana. "Kwetu, mzee mwenzangu, hawa ni wenu."

Ikapita kimya. Kila mzee alikuwa amekuja kumtetea mtu wake, na kwa desturi yake mwenyewe amempa mtoto mtu wa pili. Aliyeanza kucheka ni mama. Akafuata baba. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Machi wanacheka chumba kimoja, na nikaona ni wakati wa kuomba chai.

Desturi haikuamua lolote siku ile, na huenda hilo ndilo lililosaidia. Ilipokwisha kujifuta yenyewe, ikabaki kazi ya kupanga siku. Mjomba alikuwa na nguvu kuliko sisi sote. Baba hakuwa akimtazama hakimu wala Afisa Ustawi, alikuwa akimtazama mjomba. Kwa hiyo kila kipengele tulichoandika baadaye nilihakikisha mzee amekitamka kwa mdomo wake kwanza.

Alichosema Binti

Binti alisikilizwa peke yake na Afisa Ustawi, kwenye chumba chenye madawati ya kliniki, mama akiwa nje. Alikuwa na miaka tisa, darasa la tatu. Sheria ya Mtoto inataka maoni ya mtoto yazingatiwe endapo ameyatoa kwa uhuru, na uhuru huo haupo mzazi akiwa amekaa kiti cha pili. Afisa hakumwuliza anampenda nani. Alimwuliza siku zake zinakwendaje Tabata na zilikwendaje Morogoro, safari mbili alizowahi kwenda.

Morogoro alipapenda kwa sababu ya mlima na binamu. Hakupenda kwamba baba hakuwepo: safari ya pili alikaa kwa bibi siku nne, baba akafika usiku wa mwisho. Hakupenda kuosha vyombo vya nyumba nzima. Alikosa masomo ya ziada ya Jumamosi akachekwa Jumatatu. Kisha akasema jambo ambalo Afisa aliliandika neno kwa neno: "Baba ananiuliza nani anakuja nyumbani. Mama ananiuliza yule mama anapika nini. Mimi sitaki kuulizwa."

Hapo pana hoja ambayo sheria zetu haziigusi sana ila sisi tunaishi nayo. Tunaposema mtoto aende kwa baba, mara nyingi tunamaanisha kwa bibi, kwa shangazi, kwa mama wa kambo. Mama alilitumia hilo kama silaha: "Anawataka wa nini kama hayupo?" Sikukubaliana naye, na nilimwambia, ingawa ni mteja wangu. Bibi na binamu ni haki ya mtoto vilevile, na mtoto wa Tabata aliyepanda Mgeta akachuma matunda na babu zake amepata kitu ambacho fundi cherehani hawezi kumshonea. Lakini mama alikuwa na haki juu ya jambo moja: jina. Ziara ya bibi iitwe ziara ya bibi. Isiandikwe kuwa ni siku za baba, halafu baba aidai nyingine.

Karatasi mbili

Tuliandika makubaliano jioni ya siku ya tatu. Nilishauri yawe karatasi mbili, moja ya kuonana na moja ya matunzo, zisishikizwe kwa pini. Afisa alitabasamu, lakini tulifanya hivyo.

Kalenda ya shule ikawekwa mbele, na kalenda ya lori ikawekwa kando kwa sababu haipo. Kwa dereva kama huyu, ile ratiba inayopendwa maofisini, ya kila wikiendi ya pili, ingevunjika mwezi wa kwanza na kuleta ugomvi mpya. Tulichoandika ni kanuni ya taarifa. Baba akijua atakuwa na nafasi Jumapili, amwambie mama kabla ya saa mbili usiku siku ya Jumatano. Amwambie mama, asiwaambie watoto. Asiposema, Jumapili hiyo haipo, na haiwekwi akiba kama deni. Mama akishaambiwa kwa wakati, hana ruhusa ya kukataa ila kwa ugonjwa. Zisizidi Jumapili mbili kwa mwezi, saa tatu asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, hapa hapa Dar, watoto wote wawili pamoja.

Kulala Morogoro kukawekwa likizo tu. Baba alisononeka. Lakini Binti angeingia darasa la nne mwaka 2025, na Oktoba kuna upimaji wa kitaifa, na Jumamosi za masomo ya ziada hazigusiki. Sheria ya Mtoto inampa mtoto wa wazazi waliotengana haki ya kwenda kwa mzazi wa pili na kukaa naye, isipokuwa pale mpango huo unapoingilia masomo. Mjomba, ambaye hakusoma, ndiye aliyeumaliza mjadala huo: "Asome kwanza. Mlima hauhami."

Likizo ya Juni nusu kwa nusu. Desemba ilikula saa mbili nzima za kikao. Kila anayewajua Wachaga anajua kwamba Krismasi hawabaki Dar. Mabasi ya kwenda Kilimanjaro hujaa, na mama asiyepeleka watoto Rombo ataulizwa na ukoo mzima. Tuliandika kwa miaka: 2024 Krismasi Rombo, 2025 Mgeta, zamu kwa zamu, na anayekosa Krismasi anapata mwaka mpya. Kama baba yuko safarini likizo inapoanza, watoto waende kwa bibi kwa siku zisizozidi tano, na iandikwe hivyo: kwa bibi.

Kipengele ninachokipenda kuliko vyote hakikutoka kwangu. Ugomvi mwingi wa kukabidhiana watoto hutokea mlangoni. Mmoja anachungulia ndani, mwingine anaona nani kakaa kwenye gari, jirani yuko dirishani. Shangazi wa watoto, dada yake baba, anafanya biashara Kariakoo na huenda Morogoro karibu kila mwezi. Yeye ndiye aliyesema: "Si nipewe watoto stesheni?" Treni ya reli ya kisasa ilikuwa imeanza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro Juni mwaka ule, nauli ya kawaida ya mtu mzima Sh13,000, safari chini ya saa mbili. Basi, pamoja na foleni ya kutoka mjini, huweza kula nusu ya siku. Ikaandikwa: watoto wanakabidhiwa kwa shangazi stesheni ya Dar es Salaam, nusu saa kabla ya treni, na kurudishwa hapo hapo. Nauli kwa baba.

Faida ya treni niliiona baadaye, nami sikuwa nimeitegemea. Tiketi ina tarehe na saa. Mama akichelewa, treni imekwenda. Baba akighairi, fedha yake inajulikana ilipo. Treni haingoji watu wamalize kusutana. Kile ambacho mahakama ilikiita wakati unaofaa, tiketi ilikiandikia saa na dakika.

Shuleni tulipeleka barua yenye majina mawili tu ya wanaoruhusiwa kuchukua watoto, mama na msichana wa kazi, na la tatu ikiwa mama amepiga simu. Nilishangaa mwalimu mkuu aliposema ndiyo barua ya kwanza ya aina hiyo kuipokea. Simu ikapangiwa Jumatano na Jumapili saa moja jioni, dakika kumi, bila maswali ya nani kaja na nani kapika. Makubaliano tukayapeleka mahakamani yasajiliwe, kwa kuwa amri ya watoto inaweza kubadilishwa hali inapobadilika, na kuhama kwa baba kulikuwa mabadiliko ya kutosha. Hakimu alisoma, akauliza kama wote wamekubali, akagonga muhuri. Dakika ishirini.

Karatasi ya pili ilisema Sh150,000 ifikapo tarehe 5, na malimbikizo ya miezi saba yalipwe kidogo kidogo kwa Sh75,000. Sina mengi ya kusema hapo. Amekuwa akilipa, mara nyingi tarehe 9.

Baada ya hapo

Kanuni ya Jumatano imefanya kazi kuliko nilivyotarajia. Mwaka 2025 baba alitumia Jumapili kumi na moja tu kati ya ishirini na nne alizoweza kupata, na kwa hesabu hiyo mtu angesema amepuuza. Lakini ni kumi na moja alizosema atakuja, na zote alikuja. Mdogo hamngoji tena dirishani siku nyingine. Mama anasema hilo peke yake linatosha.

Simu zilishindikana. Mtandao barabarani ni wa kubahatisha, na Binti, kusema kweli, hapendi kuongea na simu kwa kupangiwa. Sasa anamtumia baba yake sauti akiwa na lake, na baba anajibu akifika penye mtandao. Hilo halimo kwenye karatasi na hakuna aliyelalamika.

Juni ilikwenda vizuri. Desemba ilikuwa Krismasi ya Mgeta, zamu ya baba, na baba akakwama Tunduma hadi tarehe 27. Watoto walikula sikukuu na bibi, mjomba na mama wa kambo. Mama alinipigia usiku wa tarehe 25, sauti imekauka. "Krismasi ya baba bila baba. Ningekuwa nao Rombo." Nikamsomea kipengele: likizo ikianza baba akiwa safarini, siku tano kwa bibi. Zilikuwa siku nne. Kwa karatasi baba hakuwa na kosa. Kwa haki nadhani mama alikuwa na hoja, na kipengele hicho nilikiandika mimi, vibaya. Kilipaswa kusema kwamba kama mwenye zamu hayupo sikukuu yenyewe, mwenzake aulizwe kwanza.

Binti alirudi na kapu la matunda na nywele zimesukwa mtindo ambao Tabata hakuna anayeuweza. Mama alikigeuza kichwa cha mwanawe huku na huku mbele ya mlango wa kibanda. Hakuuliza nani kasuka. Mwisho akasema, "Amejitahidi," akarudi kwenye cherehani.

Mdogo anatimiza saba mwaka huu. Baba hajaitaja tena ile namba. Mama ameniuliza mara tatu kama kifungu bado kiko vilevile. Kilichowarudisha kwangu Januari ni Binti, ambaye sasa anataka shule ya bweni, na bweni linavuruga Jumatano, Jumapili, Juni na kila kitu tulichoandika. Nimewaambia waje na kalenda ya shule hiyo mpya kabla hatujagusa karatasi. Mjomba ameshasema atashuka kutoka Mgeta. Baba mdogo wa Rombo ameuliza nani atamlipia nauli.